Kutoka Bandari ya Kale Mpaka Mtwapa kwa Kayaki: Matayarisho ya Safari ya Siku Moja

Maneno yetu ya leo yahusu safari fupi ya baharini, ya kutoka bandari hata bandari, iondokayo asubuhi na kufika mchana: kutoka Bandari ya Kale ya Mombasa mpaka hori la Mtwapa. Ni mwendo wa kilometa 16 hivi, yaani kama maili 10. Kwa gari si mbali, barabara ikiwa tupu (na barabara ile haiwi tupu). Kwa jahazi lenye upepo mwema si safari ya kutajwa. Lakini sisi twasema habari za kwenda kwa kayaki, na katika chombo hicho kilometa 16 ni kazi ya asubuhi nzima.

Huenda wako wasikilizaji wa bara wasiopata kukiona chombo chenyewe. Kayaki ni mtumbwi mwembamba, mwepesi, ambao mtu hukaa ndani yake, au juu yake, miguu ameinyosha mbele. Waliobuni ni watu wa Inuit, wenyeji wa nchi za barafu za Greenland na Kanada ya kaskazini, ambao walikuwa wakiunda kiunzi cha mti au mfupa na kukivika ngozi ya sili, wakaenda nacho kuwinda baharini. Siku hizi kayaki nyingi huundwa kwa plastiki. Hakina tanga, wala hakina matengo ya kukizuia kisipinduke kama ngalawa yetu. Huendeshwa kwa kafi moja refu lenye bapa huku na huku, na mwenye kupiga kafi hilo hutia bapa la kuume, kisha la kushoto, bila ya kupumzika. Mtu wa nguvu za kawaida huenda kilometa 4 au 5 kwa saa. Jambo hili lishikwe sana, maana mkondo wa maji mlangoni mwa bandari waweza kwenda kasi kama hiyo au kuipita. Apigaye kafi kuushindana hutoka jasho, naye akitazama pwani huiona minazi ile ile.

Kwa hiyo safari hii haipangwi kwa saa ya ukutani, hupangwa kwa maji. Wazee wa pwani hawahitaji kuambiwa haya, lakini wanafunzi wetu wengi hutoka bara, nasi tuliona kwamba wapo waliodhani maji hujaa na kupwa kila siku kwa saa zile zile, kama kengele ya shule. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Zile dakika 50 za ziada ndizo zinazosogeza maji mbele kila siku, kwa sababu yanaufuata mwezi. Mwezi unapoandama na mwezi unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, nayo ndiyo siku za bamvua: maji hupanda juu sana na kushuka chini sana, na hapa Mombasa tofauti yake hupita meta 3. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, na tofauti ni kama meta 1 tu.

Tena kuna jambo la kuwafaa sana wenye kukariri. Hapa Mombasa, siku za mwandamo na za mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne. Akumbukaye hayo na kuutazama mwezi aweza kukisia maji ya siku yoyote kwa kurudi nyuma au kwenda mbele kiasi cha robo tatu ya saa hata saa nzima kwa kila siku. Makisio hayo yatosha kwa mtu aokotaye chaza. Kwa mtu apelekaye watoto wa watu baharini hayatoshi, naye hana budi kutazama jedwali la maji la bandari ya Kilindini, ambalo hupigwa chapa kila mwaka.

Na hapo pana mtego. Jedwali huandikwa kwa saa za kizungu. Likiandika 0710, maana yake ni saa moja na dakika kumi asubuhi, siyo saa saba. Kosa la saa sita katika mambo mengine humchelewesha mtu tu. Katika mambo ya maji humgeuzia dunia, maana tangu maji kupwa hata maji kujaa ni saa sita na kidogo, na aliyekosea hivyo atakuta maji makavu mahali alipotazamia maji mengi. Tuliwaamuru wanafunzi wetu wanakili saa za jedwali katika daftari kwa maneno kamili, wakiandika asubuhi, mchana au jioni kila mahali. Walinung'unika kidogo, wakanakili.

Sasa tuseme tumechagua siku ambayo maji yapwa saa moja na dakika kumi asubuhi, na yajaa saa saba na dakika ishirini mchana. Siku za namna hiyo hupatikana kama siku nne kabla ya mwezi mpevu au kabla ya mwandamo. Tuseme pia kwamba kati ya kupwa na kujaa maji yatapanda meta 2. Msidhani yatapanda kwa mwendo mmoja. Gawanyeni meta hizo mafungu 12. Katika saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu mafungu 3, ya nne mafungu 3, ya tano mafungu 2, na ya sita fungu 1. Basi katika saa ya kwanza yatapanda sentimeta 17 tu, lakini katika saa ya tatu na ya nne yatapanda nusu meta kila saa, na wakati huo ndio mkondo unapokuwa mkali. Hesabu hii ni ya makisio, lakini mabaharia wameitumia tangu zamani na imewafaa.

Kwa nini tulichagua kuondoka wakati wa maji kupwa, na siyo wakati yakishuka, ili mkondo ututoe bandarini bila taabu? Wanafunzi walituuliza hivyo, na swali lao lilikuwa na akili. Jibu ni kwamba maji yanapotoka bandarini kwa nguvu hukutana mlangoni na mawimbi mapana ya bahari kuu yanayoingia. Yakigongana, mawimbi husimama wima na kukaribiana, na kayaki huko ni kama ganda la nazi. Tena atokaye na maji yanayoshuka hufika kwenye miamba ya Nyali wakati maji yanazidi kupungua, naye akikwama juu ya mwamba hukwama mpaka maji yarudi. Akwamaye wakati maji yanajaa hungoja kidogo tu, akaelea. Na zaidi ya hayo, aondokaye maji yanapoanza kujaa atafika Mtwapa wakati mkondo unaingia horini, umpokee na kumpeleka ndani.

Basi twaondoka Bandari ya Kale saa moja na dakika arobaini, nusu saa baada ya maji kusimama. Mkondo wa kuingia umeanza, lakini ni ule wa fungu la kwanza, haujapata nguvu. Twapita Ngome Kuu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mkono wetu wa kuume, na upande wa Nyali mkono wa kushoto. Hapa twakaa kandokando, tukiwaachia njia wenye majahazi na mashua za injini, maana kayaki iko chini mno majini na nahodha hakioni kichwa cha mtu mpaka amekikaribia. Kufika Ras Mackenzie itakuwa saa mbili na nusu hivi, na maji yatakuwa yamepanda kama futi moja. Futi hiyo moja ndiyo tuliyoingojea. Kuanzia hapo twageuka kaskazini-mashariki, tukifuata pwani kwa ndani ya mwamba.

Yafaa tueleze maana ya ndani ya mwamba. Kando ya pwani yetu upo ukuta wa matumbawe, mahali pengine karibu na nchi, mahali pengine mbali. Mawimbi makuu huvunjika juu yake, na maji yaliyo kati ya ukuta huo na mchanga huwa matulivu. Huko ndiko njia ya kayaki. Lakini utulivu huo una hila yake. Maji yakijaa, mawimbi huruka ukuta na kumwaga maji ndani bila kukoma, na maji hayo hayana pa kutokea ila kwenye milango iliyo katika mwamba. Kwa hiyo mbele ya kila mlango pana mkondo wa kutoka nje, nao huvuta kimyakimya mtu aliyeacha kafi akinywa maji. Siku za kusi kali, Juni hata Agosti, mkondo huo huzidi. Amri yetu ilikuwa hivi: tukaribiapo mlango wowote, kayaki zote zisogee pwani, na pasiwe na kupumzika mpaka tumeupita. Milango yenyewe haifunzwi kwa redio. Waulizeni wavuvi wa mahali hapo, nao watawaonyesha kwa kidole.

Tangu Ras Mackenzie mpaka Ras Iwatine ni kilometa 5 na nusu hivi, na tulihesabu kufika saa tatu na robo tatu. Baada yake pwani ya Bamburi yafunguka, maji ni mapana, nasi tulitenga dakika ishirini za kutua mchangani, kula na kujinyosha miguu. Sehemu hii imo katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986. Ndani yake hairuhusiwi kuvua wala kuokota matumbawe au makome, na wageni hutozwa ada, ambayo yafaa iulizwe na kulipwa kabla ya siku ya safari. Kutoka hapo hata mdomo wa Mtwapa zimebaki kilometa 8 hivi, tukipita Shanzu. Tukienda polepole tutafika saa sita na robo, na maji yatakuwa bado yanaingia kwa saa moja zaidi. Saa hiyo moja si ya kuchezea. Ni akiba ya mtu aliyeumwa na mkono, au kafi lililovunjika, au upepo.

Na upepo ndio usiokuwamo katika jedwali. Mvuvi mmoja mzee wa Bandari ya Kale, tulipomwonyesha hesabu zetu zote kwa fahari, aliziangalia kwa adabu, akasema, "Maji yako ni sawa, Mwalimu. Lakini bahari haikusoma karatasi hii." Kisha akatufundisha tulichokihitaji. Kusi na kaskazi zote mbili zina siku zake za hasira. Kwa vyombo vidogo ni afadhali maleleji, wakati pepo zinapobadilishana, Machi kabla ya masika, au Oktoba na Novemba. Sisi tulichagua Oktoba, kwa kuwa kusi iliyochoka bado huvuma kutoka nyuma ya mtu aendaye kaskazini, hali Machi kaskazi ingalitupiga usoni. Alituonya juu ya mawingu ya vuli: likitokea wingu jeusi lenye ukingo ulionyoka upande wa bahari, mtu asingoje kuona litafanya nini, atue. Na upepo wa asubuhi utokao bara, ambao watu huupenda kwa ubaridi wake, ni adui mpole, maana karibu na nchi hauinui mawimbi, lakini humsukuma mtu nje kidogo kidogo.

Kwa hiyo tuliweka mpaka kabla ya kuondoka, tena tuliuandika. Ikiwa saa nne kamili hatujapita Ras Iwatine, twatua pale tulipo na safari yaishia hapo. Ikiwa vichwa vya mawimbi vimeanza kuwa vyeupe ndani ya mwamba, vivyo hivyo. Shabaha ya kuandika ni kwamba uamuzi wa kurudi ni mgumu sana kwa watu waliokwisha choka, wenye aibu ya kuchekwa, wanaoiona Mtwapa kwa mbali. Afadhali uamuzi huo ufanywe usiku uliotangulia, mezani, penye taa.

Sasa twaja kwenye jambo lililotushughulisha kuliko yote, nalo ni watu. Wanafunzi wanane waliandika majina yao. Wote waliandika kwamba wajua kuogelea. Tulifanya majaribio katika maji haba ya bandari, mwalimu mmoja akiwa majini na mwingine juu ya kayaki. Kila mtu alivaa vazi lake la kuelea, lililofungwa kifuani barabara, kwani lisilofungwa hupanda hata masikioni na kumziba mtu kinywa. Kisha kila mmoja alipinduliwa kwa makusudi. Somo la kwanza ni kutokiacha chombo. Aliyepinduka akishike kayaki, maana kayaki iliyopinduka huelea na huonekana kwa mbali, na kichwa cha mtu hakionekani. Asijaribu kuogelea kwenda pwani, hata ikiwa pwani yaonekana kuwa karibu.

Somo la pili ni kuokoana. Mwenzake humjia, hushika gubeti la chombo kilichopinduka na kulivuta juu ya chombo chake mwenyewe, nacho kikiwa kifudifudi, ili maji yamwagike. Kisha hukigeuza, hukilaza ubavu kwa ubavu na chake, vichwa vikielekea pande mbalimbali, na kukishikilia kwa mikono miwili huku aliye majini akipiga miguu na kujitupa juu yake kwa kifua. Kayaki za kukalia juu hazina haja ya kumwagwa maji, hugeuzwa tu. Jambo hili husemwa kwa dakika moja, lakini wanafunzi wetu walihitaji alasiri tatu ndipo wakaweza kulifanya wote bila kupigiwa kelele.

Katika majaribio hayo kijana mmoja, hodari wa hesabu kuliko wote, ndiye aliyelitengeneza jedwali letu, alipopinduliwa alikiacha chombo, akashika shingo ya mwalimu, asiachilie. Alipotolewa alisema maji yamemwingia puani tu. Tukamwambia ajaribu tena kesho yake. Ikawa vile vile. Siku ya tatu hakuvaa nguo za majini. Alikuja akasimama, akasema, "Mwalimu, mimi kwetu ni Kitui. Mto wetu hukauka."

Tulikaa kitako sisi walimu tukashauriana. Kumchukua kwa huruma kungekuwa kumweka yeye na mwokozi wake katika hatari moja. Kumwacha chuoni na kitabu kungekuwa kumwadhibu kwa kusema kweli, nao wenziwe wangejifunza kwamba afadhali kuficha. Basi tulimpa kazi ambayo kila safari ya baharini yaihitaji, na ambayo aghalabu husahauliwa: mtu wa nchi kavu.

Mtu huyo hukaa na karatasi. Ndani yake mmeandikwa majina ya wote waliokwenda, idadi na rangi ya kayaki, saa ya kuondoka, mahali pa kupita na saa ya kila mahali, saa ya kufika, na hasa saa ambayo asiposikia habari aanze kuomba msaada bila kungoja ruhusa ya mtu yeyote. Kwetu ilikuwa saa nane kamili. Imeandikwa pia ni nani wa kupigiwa simu: kituo cha uokoaji wa baharini kilichofunguliwa Mombasa mwaka 2006, na Walinzi wa Pwani wa Kenya, kikosi kilichozinduliwa mwaka 2018. Wasafiri nao wana simu mbili katika mifuko isiyopitisha maji, katika kayaki mbali mbali, na kila mmoja ana filimbi shingoni. Simu huzama, lakini filimbi iliyolowa hulia. Kijana wetu alitengeneza karatasi ya pili, akaipeleka yeye mwenyewe kwa yule mvuvi mzee, akamsomea.

Vitu vingine twavitaja upesi. Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu, kwa maana jua la majini huchoma kutoka juu na kutoka chini. Kofia yenye kamba, shati la mikono mirefu, viatu vya mpira kwa sababu ya miamba na viumbe wake wenye miiba. Chakula kisichoharibika kwa maji: mihogo ya kuchemsha, mayai, tende. Kafi moja la akiba, kamba, kopo la kufulia maji. Sanduku la dawa la chuo halikutufaa kwa kuwa ni la mbao na kubwa, tukatoa yaliyo lazima tukayatia katika mfuko.

Pia safari ya kutoka bandari hata bandari ina taabu ambayo safari ya kwenda na kurudi haina: ukifika, vyombo vyako viko mbali na kwako. Watu watapanda matatu, lakini kayaki haipandi matatu, ingawa utingo mmoja alituambia lipo la kuwezekana. Mpangieni lori kabla, na dereva ajue atafika upande gani wa hori, kwa maana upande wa kusini na upande wa kaskazini huachana kwa daraja.

Kabla ya kuingia horini, mkono wa kuume, upande wa kaskazini wa mdomo, msikose kuangalia pwani ya Jumba la Mtwana. Ni magofu ya mji wa karne ya 14, ulioachwa mapema katika karne ya 15, na msikiti mmoja wake u karibu kabisa na maji. Watu wa mji ule walikuwa wakiingia na kutoka kwa maji haya haya tuliyoyahesabu. Wenye nguvu iliyobaki wataweza kurudi kwa miguu kuyatazama magofu jioni. Kwanza waingie, maana mdomoni pana mafungu ya mchanga na mawimbi huvunjika juu yake. Ushikwe mfereji wa katikati, kayaki mbili mbili zisiachane, mpaka maji yawe laini na mikoko ianze.

Mtu wa nchi kavu awepo gatini. Asihesabu kayaki, ahesabu vichwa, akiweka alama mbele ya kila jina kwa kalamu. Majina yote yakiisha kupata alama, ndipo apige simu mbili: moja chuoni, ya pili kwa mzee wa Bandari ya Kale, ambaye ana karatasi yake na hatakwenda kulala mchana mpaka ameambiwa.